Kabla Hujabonyeza Kitundu cha Ruta

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni siku maji yalipokatika kwa wakwe zangu Isansa, kahawa ikiwa kwenye mashine ya kumenyea. Nilikuwa mke mgeni, hata mbwa wa pale nyumbani alikuwa bado ananibwekea. Kahawa mbivu ilikuwa imechumwa tangu asubuhi, nayo kahawa mbivu haijui kungoja. Ikilala bila kumenywa inaanza kuchacha, na jasho la mwaka mzima linachacha nayo.

Maji yetu yalitoka chemchemi ya mlimani. Yalikuja kwa mpira mweusi hadi kwenye pipa lililopandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na kutoka kwenye pipa yakashuka kwa mpira mwingine hadi mashineni. Mume wangu ndiye aliyekuwa akizungusha mashine. Maji yakawa membamba kama uzi, yakawa matone, kisha hayakuwepo.

Mimi nilijua kwamba chura amekwama kwenye mpira. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijua tu, kama vijana mnavyojua mambo. Nikachukua panga niukate mpira nimtoe.

Sasa, enzi zile nyumbani kwa wakwe zangu, mke wa kijana hakuzungumza na baba mkwe uso kwa uso. Hukupita mbele yake, hukutaja jina lake, wala yeye hakukutazama machoni. Lakini watu wanaokaa ua mmoja lazima wasemezane, kwa hiyo Baba alikuwa na mbwa.

“Simba,” akamwambia mbwa, yeye amenipa mgongo, “kuna mtu hapa ameshika panga. Mwambie huo si nyoka. Ukiukata vipande viwili haufi, ila sisi hatunywi.”

Nami nikamgeukia mbwa. “Simba, mwambie Baba kuna chura ndani.”

“Simba, muulize, amemwona?”

Nikashusha panga. Mume wangu alikuwa amejikunyata nyuma ya mashine, mabega yanatikisika kwa kicheko.

“Simba, muulize maji yanatoka wapi.”

“Simba, yanatoka mlimani.”

“Basi mwambie aanzie huko ashuke nayo. Mtu aliyepotelewa na ng'ombe habaki kuchungulia zizini. Zizini anajua hayupo.”

Tukapanda mimi na mume wangu hadi chemchemi. Maji yapo, yanaingia mpirani vizuri. Tukashuka tukiupapasa mpira kwa mkono, na popote tuliposhika ulikuwa wa baridi, ishara kwamba maji yamo. Tulipofika kwenye pipa tukakuta ncha ya mpira imechomoka, maji yananywesha majani. Ndama alikuwa amejikuna pale. Nikairudisha ncha mdomoni mwa pipa, na baada ya muda mashine ikapata maji. Baba akasema, “Simba, mwambie leo ameuokoa mpira wangu.” Simba alikuwa amelala zamani.

Nimeyaleta haya, mwanangu, kwa sababu ya jambo lililotokea juzijuzi sebuleni kwangu hapa Chapwa, mahali pasipo na mashine ya kahawa wala chemchemi. Mimi sikusoma sana, na mambo ya mitandao sitakudanganya kwamba nayajua. Ila nilichokiona nitakueleza kama kilivyokuwa.

Mume wangu alifariki msimu wa kahawa uliopita. Amelala Isansa, karibu na baba yake. Alipokuwa hai alipenda vitu vyenye waya, na waya wa intaneti ulipofika mtaani kwetu alikuwa wa mwanzo kuuvuta. Waya unatoka nguzoni, unaingia kwenye boksi dogo liitwalo modemu, na kutoka hapo unakwenda kwenye boksi lenye pembe mbili liitwalo ruta, ambalo ndilo linalorusha waifai ndani ya nyumba. Fundi alipomuuliza waifai yetu iitwe nani, mume wangu akaomba aandike mwenyewe. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: MAMA EZEKIA.

“Mzee, wenzako wanaandika majina ya timu,” fundi akamtania.

“Timu inafungwa,” akamjibu.

Tangu aondoke, kila nikirudi kutoka sokoni, nikifika mlangoni tu simu yangu inaliona lile jina na kulionyesha. Sisemi kwamba ni roho yake. Mimi ni Mkristo na ninajua alipo. Majirani nao wananiita Mama Ezekia kutwa nzima. Lakini wao wananiita tu, yeye aliniandika. Basi huwa nasimama kidogo pale mlangoni na mzigo wangu, kisha naingia nikiwa na moyo mweupe.

Tulipojengea kaburi lake kule Isansa, ndugu wengi walifikia na kulala kwangu hapa Chapwa. Tulitoa viti sebuleni tukatandika mikeka na magodoro wanawake walale chini, kama ilivyo desturi. Kabati lenye modemu na ruta likahamishiwa koridoni. Siku ya kuondoka tukarudisha vitu pamoja, mikono mingi, kila mtu anashika chake. Baada ya hapo mtandao haukuwepo.

Aliyeumia kwanza ni Tusekile, mke wa mwanangu Ezekia, binti wa Ileje, ninayeishi naye wakati mumewe yuko safarini na lori. Tusekile anauza mchele, na wateja wake wakubwa ni akina mama wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Wanatumiana picha na sauti kwa simu. Bando la simu hapa mpakani linasumbua, maana mara simu inashika mnara wa Zambia na salio linayeyuka. Siku hiyo alikuwa na mteja anayesubiri picha za mchele, na mteja wa Nakonde asipokuona mapema anamwona mwenzako.

“Tazama, Mama,” akaniambia. “Mawimbi yamejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Hii ruta imekufa.” Akaigeuza, akachomoa pini kwenye kanga yake. “Huku nyuma kuna kitundu. Ukikibonyeza na pini unafuta kila kitu, inaanza upya kama imetoka dukani.”

“Inafuta na jina?”

“Jina na neno la siri. Si tutaliandika tena?”

Mwanangu, moyo wangu ulishuka. Ni kweli, angeliandika tena, na pengine kwa haraka kuliko marehemu. Lakini lisingekuwa limeandikwa naye. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele ya mtu mwenye biashara inayomngoja. Jikoni birika lilikuwa linachemka. Nikaligeukia.

“Wewe birika,” nikasema, “kuna mtu hapa ameshika pini. Muulize, chura amemwona?”

Tusekile anakijua kisa cha Simba. Marehemu alikisimulia kila sikukuu, akiongeza chumvi. Akacheka mpaka akakaa chini, pini mkononi. “Birika, mwambie Mama sijamwona. Haya, maji yanatoka wapi?”

“Nguzoni.”

Tukaanzia huko. Waya wa nje haujakatika. Pale unapoingia kwenye modemu umekazwa, hauchezi. Modemu ina umeme, na taa zake zimetulia, hazipepesi hovyo kama zinavyofanya ikiwa inatafuta mtandao. “Basi pipa lina maji,” nikasema. Tukahamia kwenye ruta. Taa ya umeme inawaka, ya waifai inawaka, lakini ile yenye kialama cha dunia imezima.

Tusekile akatulia akiitazama. “Kwa hiyo mawimbi yaliyojaa kwenye simu,” akasema taratibu, “ni ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu tu. Ndani yake hakuna kitu.”

“Mpira wa chini huo. Mzima, lakini mkavu.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akapiga magoti, akaufuata kwa vidole ule waya mfupi unaotoka kwenye modemu kwenda kwenye ruta. Nyuma ya ruta kuna matundu manne ya njano yanayofanana kama ndugu, na moja la buluu limekaa pembeni peke yake. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye la njano. La buluu lilikuwa tupu.

“Mama, marehemu alichomeka wapi?”

Sikukumbuka, na sikujifanya nakumbuka. Nikamwambia tu lile ninalolijua: pipa la Isansa lilikuwa na mdomo mmoja wa kupokea maji na mabomba kadhaa ya kutolea, na ukiingiza maji kwenye bomba la kutolea unajisumbua. Akaangalia manne, akaangalia moja. Akauhamishia waya kwenye la buluu, ukaingia kwa mlio mdogo. Nani alikosea siku ile ya kurudisha vitu, sijui, na sikuuliza. Mikono iliyokuja kunizikia na kunifariji siihesabii makosa.

Taa ya dunia bado haikuwaka. Tusekile akaitazama pini. Nami nikalitazama birika.

“Nimeelewa,” akasema. Akazima vyote viwili. Akawasha modemu kwanza, peke yake, tukaiacha mpaka taa zake zikatulia. Nikamimina chai. Ndipo akawasha ruta. Pipa lijae kwanza ndipo ufungulie bomba. Tulikuwa bado tunakunywa chai ile taa ilipowaka, na simu yangu mezani ikatoa mwanga: MAMA EZEKIA, imeunganishwa. Simu yake nayo ikaanza kulia meseji mfululizo, na sauti ya mama wa Nakonde ikajaa sebule, akimwita mama kwa lugha ya kwao: “Bamayo, umelala? Niletee picha.”

Alipomaliza kutuma picha zake nilimweleza kwa nini nililiambia birika badala ya kumwambia yeye. Akairudisha pini kwenye kanga, akaifunga vizuri.

“Kumbe ningemfuta Baba.”

“Usingemfuta,” nikamwambia. “Ungefuta herufi. Lakini mimi bado nazihitaji.”

Sasa sikiliza, mwanangu. Kitu kikikatika nyumbani kwako, usianzie pale ulipoona ukavu. Anzia kinakotoka, ushuke nacho. Tazama umeme, tazama waya wa nje, tazama taa za modemu, ndipo uje kwenye ruta, na simu yako iwe ya mwisho kulaumiwa na ya mwisho kusifiwa. Gusa kitu kimoja, uone kimefanya nini, ndipo uguse kingine. Ukigusa vitano pamoja hutajua ni kipi kilichokuponya. Ukizima, washa kwa mpangilio, kilicho karibu na chanzo kikiwa cha kwanza. Na kile kitundu kiache mpaka umemaliza yote yanayoweza kurudishwa, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nakubali nilivutia kwangu. Ipo siku ile ruta itachakaa yenyewe, na jina litaondoka nayo. Najua. Siku hiyo nitaiaga bila ugomvi, kama ninavyojifunza kuaga mengine. Ninachokataa ni kitu kiondoke kwa haraka zetu wakati wake haujafika. Ndivyo ilivyo hata kwa watu. Mwenzako akikunyamazia usikimbilie kukata mpira. Kaa naye, uliza maji yanatoka wapi, yafuate polepole. Mara nyingi utakuta chemchemi ipo salama, ni ndama tu alijikuna njiani.

Nakuombea, mwanangu, chemchemi yako isikauke. Mungu akupe mkono wenye subira wa kupapasa mpira wote, na mtu wa kucheka naye mnapoinama. Na siku utakapokuwa umeondoka, abaki mtu mlangoni anayefurahi kuona ulichokiandika.