Nasimiyu Alivyonifundisha Kuanguka

Nilipokuwa mtoto kule Mabanga, hakuna aliyenishinda kwa maneno, na hata leo ukitaka kujaribu, gereji yangu iko hapa Kitale, njoo utanikuta. Shule niliiacha darasa la nane. Nilikuwa nimeshaelewa. Lakini haya ninayoeleza sikuyapata kwa mwalimu. Niliyapata kwa msichana mwenye kifafa, na kwa kukhu, ndiye bibi yangu, aliyenilea mama akiwa mbali akitafuta riziki.

Nasimiyu alikuwa jirani yetu, ua wa mkonge tu katikati. Alikuwa na miaka kumi na sita hivi, mimi kumi na tatu. Alianguka darasani mara moja, wakamwambia akae nyumbani mpaka apone, na hapo ndipo masomo yake yalipoishia. Kwao alikuwa na sahani yake, kikombe chake na mkeka wake, na hakuna aliyeona ubaya. Sote tulijua mtu wa kifafa akianguka haguswi. Povu lake likikupata, ugonjwa unakuhamia, unakaa ndani kimya mpaka mwezi mpya uandame. Siku hiyo na wewe unaanguka. Tulilijua jambo hilo kama tulivyojua majina yetu.

Sasa, Jumamosi moja tulikuwa mtoni, wavulana tunaoga, wamama wanafua. Mimi kama kawaida nilikuwa nahutubia.

"Hata chatu akitokea hapa, namfunga kiunoni kama mshipi."

"Wewe?" akasema Wafula, ambaye mdomo wake ulikaribia wangu. "Jogoo wa kwenu si anakukimbiza mpaka chooni?"

Watu wakacheka. Nilikuwa natafuta jibu la kummaliza, ndipo niliposikia mtungi ukigonga mawe. Nasimiyu alikuwa ameinama kuteka maji. Akakakamaa, akaingia mtoni kifudifudi, mahali ambapo maji hayafiki hata magotini.

"Msimguse!" wamama wakapiga nduru. "Watoto, rudini nyuma!"

Mmoja alimnyakua mtoto wake akapanda ukingo mbio. Hawakuwa watu wabaya. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akimletea Nasimiyu mapera. Walilia, wakaita Mungu, wakanyoosha mikono, lakini miguu ilikataa. Na Nasimiyu anapigapiga maji, uso chini.

Wafula akanigeukia. "Si umesema huogopi kitu?"

Wengine watakwambia waliokoa mtu kwa huruma. Mimi niliingizwa majini na mdomo wangu. Nilimshika kwapani nikavuta, kiwiko chake kikanipasua mdomo, nikavuta tena. Tulipofika mchangani nikamgeuza, akakohoa, na maji na povu vyote vikanirukia usoni. Vilikuwa na ladha ya chumvi. Nikasimama, nikainua mikono juu kama bingwa, nikingoja makofi.

Hakuna aliyepiga. Wafula alikuwa anarudi kinyumenyume.

Habari zilinitangulia nyumbani. Kukhu alinisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka ngozi ikawaka, huku analia. "Nani alikutuma? Eh, mwanangu? Nani alikutuma?" Jioni nikapewa uji kwenye kikombe cha bati kilichobonyea, kikombe ambacho hakikuwa cha mtu, nikajua sasa ni changu. Mkeka wangu ukasogezwa kando ya mlango.

"Mwezi ukiandama tutajua," akasema.

Mwezi uliokuwepo ulikuwa tayari umeanza kuliwa. Asubuhi nikienda shule nauona juu ya mikaratusi, mwembamba kuliko jana. Dawati la watu watatu nililikalia peke yangu, kama mkubwa. Mpira nikiukimbilia, wanauacha. Kope ikicheza, nasema ndiyo hii. Mguu ukifa ganzi, ndiyo hii sasa. Kujigamba sikuacha, lakini wa kusikiliza hakuwepo, na maneno yale ukijiambia peke yako yanasikika vibaya sana.

Kumbe kuna mtu alikuwa akinitazama. Mwezi ulipotoweka kabisa, sauti ikatoka kwenye mkonge.

"Wewe jogoo. Nasikia unangoja zamu."

"Singoji kitu."

"Mbona basi macho yamevimba?"

Nasimiyu akapenya ua, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Unajua kuanguka?"

"Ati kujua? Si mtu anaanguka tu."

Akavuta mkono wa sweta. Kovu lilianzia kwenye kifundo likapanda mpaka kwenye kiwiko, ngozi imejikunja. "Hapa nilianguka tu," akasema. "Kwenye mafiga."

Akanipeleka nyuma ya ghala yao, kwenye maganda makavu ya maharagwe. "Mimi kabla ya kuanguka nasikia harufu ya mahindi ya kuungua. Hakuna anayechoma, lakini naisikia. Wewe ukisikia harufu ambayo wenzako hawaisikii, usingoje, lala. Kwa ubavu, usilale chali, utapaliwa na mate. Moto, kisima, kupanda miti, achana nazo. Na mtu akija na kijiko akuwekee mdomoni, mwonye mapema."

Tukaanza mazoezi. Nilianguka vizuri kuliko yeye, na nilimwambia hivyo.

"Unaanguka kama gunia," akasema. "Rudia."

Nikarudia mpaka maganda yakaniingia masikioni. Alicheka, na sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo, ingawa tulikuwa majirani tangu nizaliwe. Tulipokuwa tumelala pale tukihema nikamuuliza inakuwaje.

"Ni kama mtu amezima redio," akasema. "Ukirudi, wimbo ni mwingine, na watu wote wamesimama mbali." Akajitoa ganda kwenye nywele. "Wakati ule wa mtoni niliporudi, kulikuwa na mtu karibu. Nilishtuka."

Jioni ya kuandama kwa mwezi, kukhu alizima moto kabla jua halijatua. Aliondoa jembe uani, akaondoa kigoda, akaokota hata vijiwe, akatandika mkeka katikati. Akaniketisha. Yeye akakaa kando, leso ameikaza kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa vita, lakini macho yake yalijaa machozi. Nasimiyu akaja bila kuitwa, akaketi karibu nami. Nilingoja kukhu amfukuze. Hakumfukuza. Nadhani alijua nikianguka, ni mtu mmoja tu angethubutu kunishika.

Mwezi ukaonekana, kaukucha kembamba juu ya mikaratusi. Kukhu akaanza kuomba kwa Kibukusu, haraka haraka.

Na hapo, nawaapia, nikasikia harufu ya mahindi yakiungua.

"Naisikia!" Nikajitupa kwa ubavu kama nilivyofundishwa, magoti nimekunja, macho nimefunga. Kukhu akapiga yowe. Mkono wa Nasimiyu ukanishika kichwa, ukatulia hapo. Nikangoja redio izimwe. Moyo ulikuwa unagonga ardhi.

Nikamsikia Nasimiyu akivuta pumzi puani, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kukhu," akauliza polepole, "wewe unasikia harufu?"

"Naisikia," kukhu akajibu.

"Basi ni ya kwa kina Wafula. Wanachoma mahindi." Akanipiga kofi begani. "Amka, jogoo."

Tulikaa mpaka mwezi ukazama. Hakuna kilichotokea. Kukhu alinikumbatia, akamshukuru Mungu, akaenda kuwasha moto. Nasimiyu akasimama, akakung'uta sketi yake. Alikuwa anatabasamu, lakini lile tabasamu halikufika machoni.

"Nimefurahi," akaniambia. "Ila nilikuwa nimeanza kuzoea kuwa na mwenzangu."

Kukhu alimsikia. Akarudi mlangoni, akasema, "Keti, mtoto wangu. Unywe uji kwanza." Akamtilia kwenye kile kikombe cha bati kilichobonyea. Nasimiyu akanywa nusu. Nikakichukua mkononi mwake, nikamaliza kilichobaki, kukhu akitazama.

"Mwezi ujao tutangoja tena," akasema.

Hakubadilika, na mimi sikutegemea. Miaka ilivyokwenda Nasimiyu alipelekwa kliniki, akapewa tembe, na mpaka leo anazimeza kila jioni. Zimepunguza, hazijamaliza. Povu halikunipa ugonjwa, na nimewaeleza wengi hapa gereji, hata wasiouliza. Lakini zile siku za kikombe changu peke yangu sijazisahau. Zangu zilikuwa na mwisho, kwa sababu mwezi huandama. Yeye alikuwa anaziishi tangu utotoni, na bado alipata nguvu ya kuvuka ua kunifundisha.

Kukhu yuko Mabanga, amezeeka, macho yamefifia. Mwezi mpya ukifika anawauliza watoto kama umeonekana, kisha ananipigia simu.

"Uko salama?"

"Niko salama, kukhu. Si mambo hayo yaliisha?"

"Na mwenzako?"

Basi inabidi nikamwangalie. Nasimiyu anashona sare za shule hapa Kitale, kibanda chake kiko karibu na soko. Sio mke wangu, msianze. Nafunga gereji mapema, naenda nikiwa na mafuta mikononi.

"Umekuja kuona kama nimeanguka?" ananiuliza bila kuinua kichwa kwenye mashine.

"Nimekuja kunywa chai."

Anakunywa kidogo, ananipa kikombe hicho hicho. Nasema uongo wangu wa wiki nzima, anacheka, cherehani inaendelea. Mimi siogopi kitu, mnanijua. Ila kigoda changu huwa nakiweka kati yake na pasi ya makaa.