Kitambaa Kilichokunjwa

Baba yangu ni dobi. Akiona nguo haulizi, anafua. Ndivyo alivyofanya siku ya pili baada ya mazishi ya mama: alikuta gauni la mama kitandani, limekunjwa, akalitia majini pamoja na mashuka ya wateja. Nilipofika lilikuwa limeshaanikwa, linanukia sabuni. Ndilo gauni la mwisho mama kulivaa, na harufu yake ilikuwa imebaki humo tu. Nilimwambia baba maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Tangu siku ile chakula akawa anakigusagusa tu, na kusali akaacha kabisa.

Kusoma hajui. Miaka thelathini mama alimsomea maandiko kila asubuhi huku yeye akipiga pasi, na kila habari ikiisha alimuuliza, "Na wewe ulikuwa umesimama wapi?" Baba naye kwa utundu hajambo. Penye harusi yeye alikuwa jikoni anaonja. Penye dhoruba alikuwa amejifunika turubai, asije akaambiwa achote maji chomboni. Mama alicheka hadi akapoteza mstari.

Shangazi ndiye aliyenishurutisha nishike zamu ya kusoma. Nilianzia pale mama alipokuwa ameishia, nikasoma harakaharaka, nimenuna, yaishe niende zangu. Miezi miwili swali la mama sikumuuliza hata mara moja. Pasi ilikwenda na kurudi.

Juzi tukafika penye kaburi tupu: sanda ipo chini, na kile kitambaa cha kichwani kimekunjwa, kimewekwa peke yake. Baba akaisimamisha pasi.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akafumba macho. Sikuwa nimemuuliza, lakini akaniambia kwamba yumo ndani ya kaburi, ameinama maana mlango ni mfupi, na kitambaa kile anacho mkononi. Kimekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kazi ya mtu aliyetulia.

"Mwenye haraka hakunji," akasema. "Huyu aliondoka akijua anaondoka."

Akafumbua macho, akanitazama.

"Mama yako alilikunja mwenyewe lile gauni, asubuhi ile ya kwenda hospitali. Pumzi hana, na bado anakunja. Mimi nikaona nguo chafu tu."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata makaburini hakulia. Alishika ukingo wa meza ya pasi kwa mikono miwili, akaanza kusali kwa sauti, sala yake ya kwanza tangu tumzike mama. Nilidhani atamlaumu Mungu, au ataomba nguvu. Aliomba mimi nimsamehe. Aliliomba hilo mara tatu, macho amefumba, na mimi nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Miezi yote ile tumekula meza moja, na bado ilimbidi apite kwa Mungu ndipo anifikie mimi.