Nilivyokwenda Ruvuma Kumchukua Mama Mkwe

Mtaa wetu mzima hapa Kariakoo unajua kwamba nilikwenda Ruvuma, kwa sababu niliwatangazia mwenyewe kabla hata sijakata tikiti. Yaliyonikuta huko ndiyo hawayajui. Nimeona niyaandike kabla wenye midomo hawajayatia chumvi. Shule nilifika darasa la pili, na hilo la pili nililiacha njiani. Lakini mtu aliyeanza kwa kubeba magunia ya watu sokoni, na leo ana duka la magodoro ya usufi na mafundi watatu chini yake, hawezi kushindwa na kalamu.

Sababu ya safari ni mke wangu, Mama Zaituni. Yeye ni Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande uliotawaliwa na Mreno. Aliletwa huku akiwa msichana mdogo na mjomba wake aliyekuwa akikata mkonge, na mjomba huyo ndiye aliyepokea posa yangu. Mama yake alibaki kwao. Vita vilipoanza, habari zikakatika. Miaka mingi tulikuwa tukimwombea dua bila kujua kama tunamwombea mzima au marehemu.

Siku moja akaja dukani mchonga vinyago kutoka Masasi. Akataja jina la mke wangu, akamwambia, "Mama yako yu hai. Yuko kwenye makazi ya wakimbizi upande wetu huu, si mbali na mto. Anauliza kama una watoto."

Mke wangu alikaa palepale juu ya lundo la usufi, akalia. Mimi badala ya kutulia naye nikatoka barazani kutangaza. Nikasema nakwenda kumtoa mama wa watu porini, nimlete mjini apumzike, chumba cha uani nitakipaka chokaa.

Kondo, fundi saa wa mlango wa pili, hakuinua hata uso kwenye saa yake. "Tajiri, umemwuliza kama anataka kuja?"

"Mkimbizi anaulizwa?" nikamjibu. "Mtu akizama, unamwuliza kama anataka kutoka majini?"

Baraza ikacheka. Nikaona nimesema neno kubwa.

Jumamosi asubuhi niliondoka na barua ya mjumbe wa nyumba kumi mfukoni, suti ya Kaunda mwilini, na godoro. Ndiyo, godoro. Nilishona mwenyewe, la usufi safi, kitambaa cha mistari. Mke wangu aliuliza la nini, ikiwa mama anakuja huku. Nikamwambia haifai mkwe wa muuza magodoro akutwe amelala chini hata siku moja. Ukweli ni kwamba nilitaka watu wa huko wanione nikiingia nalo.

Kwenye kivuko cha Rufiji walitushusha wote ili basi livuke jepesi. Konda akashusha na godoro langu, akaliweka ukingoni kabisa mwa pantoni. Usufi ukinywa maji huwa mzito kama mgonjwa. Tulipofika ng'ambo, upande mmoja ulikuwa umevimba, tukalibeba watu wanne. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha kuku akasema, "Poleni wafiwa." Basi zima likaitikia, "Tumeshapoa." Tangu hapo mpaka Lindi niliitwa Mfiwa.

Siku ya tatu, Masasi. Mabasi yaliishia hapo kwa sisi tunaokwenda mtoni. Nilipata nafasi juu ya lori la mahindi ya wakimbizi. Suti yangu ilikuwa imegeuka rangi ya barabara. Kabla ya kufika, mgambo wawili walitusimamisha kwenye kizuizi. Mmoja akasoma barua yangu huku ameishika juu chini, nami nikamheshimu, maana hata mimi kuna barua nimezisoma hivyo.

"Ndani ya hili kuna nini?" akauliza.

"Usufi."

"Usufi tu? Kutoka Dar es Salaam mpaka huku?" Akalichoma kwa singe mara tatu. Usufi ukatoka, upepo ukauchukua, dereva akapiga chafya. "Ndugu, unampelekea nani?"

"Mama mkwe."

Wakatazamana. Yule mwingine akasema, "Mkwe gani anakwenda ukweni na godoro? Mkwe huenda na jembe." Wakatupisha. Mimi nikamwona mshamba. Nikatoa sindano yangu ya kazi, nikaziba matundu juu ya lori lililokuwa likirukaruka, nikajichoma mara nyingi kuliko nilivyolichoma godoro.

Saa nane mchana tukafika. Nilikuwa nimejiandalia moyo kuona mahema yaliyochanika na watu wamelala njiani. Nikakuta nyumba za udongo zimepangwa mistari, paa za nyasi, nyua zimefagiliwa mpaka mtu unaona haya kukanyaga. Muhogo umeanikwa juu ya miamba. Taabu ilikuwepo pia. Kwenye kibanda cha mganga foleni ilikuwa ndefu, watoto wenye matumbo makubwa na miguu myembamba, na mzee mmoja aliyekatwa mguu na bomu la ardhini alikuwa akifundisha wenzake kusuka mikeka. Lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa akiningoja mimi, Salumu wa Kariakoo, nije nimwokoe.

Karani alinionyesha mstari wa nyumba, akarudi kwenye magunia yake. Jua lilikuwa kali. Nikamwona bibi mmoja mwembamba akimenya muhogo uani, nikamwomba maji. Akanipa kwa kata. Nikanywa, nikatua godoro, nikakaa kwenye kigoda chake karibu kabisa na mafiga bila kukaribishwa. Akanipa na kipande cha muhogo wa kuchoma kutoka mkononi mwake. Nikala. Na mdomo ukishakuwa wazi, kwangu haufungi.

Nikamweleza duka langu. Nikamweleza mafundi watatu, nikawafanya watano. Nikamwambia kuna bibi mmoja hapa, mkwe wangu, maskini ya Mungu, nimekuja kumtoa, na bila shaka akiniona atalia kwa furaha, labda atazimia, kwa hiyo ni vizuri majirani wawe karibu. Nikamwambia binti yake bila mimi angekuwa bado anafagia vumbi la mkonge. Bibi akawa anamenya, taratibu, macho kwenye kisu.

Mwisho akauliza, "Anaitwa nani huyo mkwe wako?"

"Mama Lukasi."

Kisu kikasimama. Bibi akajifunika uso kwa kanga, akainuka, akaingia ndani, akavuta mlango wa mabua.

Nilibaki na muhogo mdomoni. Msomaji, ngoja nikueleze ukubwa wa jambo, kama kwenu mambo haya yamekwisha. Kwao, na hata kwetu Uzaramo tukisema kweli, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake hivi hivi. Humpisha njia. Hakai kwenye kigoda chake, hasogelei mafiga yake, hali chakula kutoka mkononi mwake. Na mimi nilikuwa nimefanya yote matatu, tena kwa majivuno.

Jirani wa mlango wa pili, Mama Rozalia, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alikuwa amesikia kila neno. Alipiga kigelegele cha kejeli, wanawake wakaja kutoka nyumba tano. "Njooni mwone mkwe kutoka Dar es Salaam! Kamlia mama mkwe muhogo wake, kamkalia kigoda chake, sasa anataka kumbeba!"

Tangu saa ile mama mkwe alisema nami kwa kupitia Mama Rozalia, yeye akiwa nyuma ya ukuta na mimi uani, nimempa mgongo. Godoro ndilo lililoshughulikiwa kwanza.

"Anasema," akapaza sauti Mama Rozalia, ijapokuwa nilikuwa nikimsikia mama mwenyewe vizuri, "godoro ahsante. Lipelekwe kwenye kibanda cha wazazi, kuna mwanamke amejifungua jana. Yeye kitu asichoweza kukimbia nacho hakiweki ndani."

Nikajibu mwambie hatakimbia tena, anakuja mjini.

Sauti ikajibu nyuma ya ukuta. Kisha Mama Rozalia akacheka mpaka akashika mbavu. "Anasema mkwe aliyeoa binti yake bila kumlimia hata tuta moja hawezi kumwambia aende wapi. Kwanza ulime. Aibu ya leo nayo itatoka humo humo."

Shamba lenyewe lilikuwa nusu eka ya msitu uliofyekwa majuzi, na visiki vimebaki. Nilipewa jembe, shoka, na nafasi ya kulala kwa karani. Siku ya kwanza niling'oa kisiki kimoja, nacho naamini kilikuwa kimeshaoza. Viganja vyangu, vilivyobeba magunia ya soko zima wakati wa ujana, vilitoka malengelenge kufika saa nne. Nikagundua kwamba miaka kumi na mitano ya kuwaelekeza mafundi kwa kidole humwachia mtu kidole tu. Wazee walipita wakitazama. Mmoja akauliza, "Huyu naye ametokea ng'ambo? Amedhoofika sana." Akaambiwa ni tajiri wa Dar es Salaam. Akasema, "Pole yake."

Siku ya tatu, kwenye saa tatu asubuhi, nikasikia kipande cha reli kilichotundikwa kama kengele kikigongwa. Nikamwona mama mkwe anatoka haraka, mtungi wa maji kichwani. Mama Rozalia akanipungia mkono. "Mfuate. Kwa mbali, lakini."

Nikamfuata, hatua hamsini nyuma, kama desturi inavyotaka. Alikwenda mpaka banda la mapokezi mwisho wa makazi. Kundi lilikuwa limevuka mto siku mbili kabla. Walikuwa watu thelathini au zaidi, wamekaa chini, hawasemi. Mmoja alikuwa amebeba mlango. Mlango mtupu wa nyumba, hakuna nyumba.

Mama mkwe akapita mstari kwa mstari. Kila mtu alimpa maji kwanza, akamtazama uso akinywa, kisha akauliza maneno mawili kwa Kimakonde. Waliotikisa kichwa aliwashukuru. Akafika mwisho, mtungi ukawa mtupu. Akausimamisha chini, akasimama nao kidogo, mkono kiunoni. Kisha akarudi, na mimi nikaingia majanini kumpisha.

"Anamwuliza nani?" nikamwuliza Mama Rozalia.

Hakucheka safari hii. "Lukasi. Mwanawe wa mwisho. Walikimbia pamoja, kwenye mto risasi zikalia, wakatengana. Walikuwa wamekubaliana: atakayetangulia kuvuka, amngoje mwenzake kwenye makazi ya kwanza. Haya ndiyo ya kwanza. Amekosa kwenda bandani siku moja tu, alipokuwa na homa, na bado anailaumu ile homa."

Jioni, jua halijazama, nilikaa uani na mgongo ukutani. Nilikuwa nikitoboa malengelenge kwa sindano yangu. Ndiye yeye aliyeanza, tena bila kumtuma jirani.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Binti yangu ulimpa chumba?"

"Vyumba viwili, mama. Na uani kuna mkorosho." Nikataka kuongeza cha tatu, nikajizuia.

"Wajukuu wangapi?"

"Wanne. Mkubwa ni Zaituni, kakufuata wewe. Macho yake yako kwenye kazi, si kwa mtu."

Nikasikia amecheka kidogo, kicheko cha puani. Nikaona ndiyo nafasi. "Mama, tunaweza kumwachia karani jina. Lukasi akija, ataambiwa uko Dar es Salaam, mtaa gani, nyumba gani."

"Mtoto aliyekuja amechoka, umwambie bado ana safari ya siku tatu? Wewe umekuja kwa wema, nimeona. Lakini ulikuja ukidhani nimetupwa hapa. Mimi nimekaa. Nenda ukamwambie mwenzio kwamba mama yake amekaa."

Nilibaki siku nne nyingine nikimaliza visiki. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipoondoka, mama mkwe alisimama nyuma ya ukuta akaniombea safari njema. Uso wake sikuuona tena, na ndivyo inavyotakiwa.

Njia ya kurudi nilikaa kimya mpaka konda akaniuliza kama naumwa. Kwenye kivuko hapakuwa na mtu wa kunitania.

Kariakoo nilishuka adhuhuri, siku ya kumi na tano. Baraza ilikuwa imejaa, chumba cha uani kinanuka chokaa mpya. Kondo akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia. "Tajiri, mama yuko wapi?"

"Yuko kwake," nikasema, nikapita.

Nilimweleza mke wangu yote, hata muhogo, hata kigoda. Hapo kwenye kigoda alicheka mpaka machozi yakatoka, na yakishatoka hayakurudi. Nilipomweleza mtungi na watu wa bandani, alishika mikono yangu, akavipitisha vidole juu ya malengelenge, akauliza neno moja tu: "Anakwenda peke yake kule?"

"Peke yake."

Alhamisi iliyofuata alipanda basi na mtoto wetu mdogo. Hakuaga barazani. Alisema mama yake anapita mistari yote na macho yamechoka, wawili wataona zaidi, na atarudi mvua zikikatika au Lukasi akipatikana, kitakachotangulia. Kwa hiyo sasa ni mimi ninayepanga foleni ya unga, ni mimi ninayesuka nywele za Zaituni vibaya, na mafundi wangu watatu wamejua kwamba tajiri anaweza kuunguza maharage.

Nilichojifunza ni kidogo, maana kichwa chenyewe unakijua. Nilidhani mkimbizi ni mtu asiye na mahali, na mwenye mahali ana haki ya kumchukua. Watu wakipita dukani wakiniuliza mke wangu amekwenda wapi, nawajibu amekwenda kwao. Zamani ningegombana na mtu aliyesema kwao si hapa.