Tangazo la Tatu

Ndoa yangu ilitangazwa kanisani Tengeru Jumapili mbili. Mzee wa kanisa alisoma jina langu na la yule bwana, akauliza kama kuna mwenye pingamizi, na mama yangu akageuka kukagua benchi kwa benchi, aone nani atathubutu. Hakuna aliyethubutu. Pingamizi lilitoka kwa bwana harusi mwenyewe, Jumamosi ya kuelekea tangazo la tatu, tena kwa kumtuma shangazi yake. Hata simu hakupiga.

Kesho yake tulikwenda ibadani vilevile. Mama alikataa tujifiche. Yakasomwa matangazo ya mavuno, ya kikao cha wanawake, ya msiba. Mzee alipofika mahali petu alinyamaza, akakohoa, akaendelea. Kikohozi kile kiliniuma kuliko kuachwa kwenyewe. Mama hakusema neno, siku hiyo wala miezi iliyofuata.

Mimi napiga gitaa. Nilipochoka kuamka na yule mtu kichwani, nilikwenda studio moja Sombetini, chumba kilichopakana na fundi wa mageti, nikarekodi wimbo wa roki. Beti mbili za kwanza nilizisoma tu, kama matangazo, gitaa likinguruma kwa chini. Ubeti wa tatu hauna maneno. Ni mashine ya fundi ikikata chuma, ngoma, na gitaa ambalo nyuzi zake nilizilegeza makusudi. Mtayarishaji aliniuliza nani atacheza muziki wa namna hii. Nikamwambia hakuna, na asiniulize tena.

Niliyemwogopa ni mmoja tu. Kama mama angeona nimeianika aibu yetu, ningeufuta. Nikampelekea jikoni, akiwa anamenya ndizi. Ubeti wa kwanza aliusikiliza huku akimenya. Kwenye wa pili kisu kikasimama. Kelele zilipoanza nilinyoosha mkono nipunguze sauti, akanishika kwa vidole vyake vyenye utomvu.

Wimbo ukaisha. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

“Na mimi siku ile nilitaka kupiga kelele,” akasema. “Rudia hapo pa tatu, mwanangu. Weka sauti yote, majirani wasikie.”

Nikaweka yote. Tukalia wote wawili, yeye akiendelea kumenya ndizi.