Mpishi Asiyeonja

Nikisimulia habari za Kasiana Mbawala lazima nijisimulie na mimi, ingawa ningependa sana kujiruka. Nilikuwa nesi. Nimefanya kazi Songea miaka ishirini na saba, na wagonjwa karibu wote niliowapa masharti waliyavunja. Kasiana hakuvunja hata moja, na ndiyo maana siwezi kumsahau.

Mtaa mzima wa Lizaboni walimwita Mama Leo. Alikuwa mpishi wa shughuli. Hakuajiriwa na mtu, ila ikitokea harusi, kipaimara au msiba, sauti ya kwanza kusikika pale penye mafiga ilikuwa ya kwake, akiwagombeza wanaume waliopasua kuni vipande vyembamba kama njiti. Alikuwa mnene, khanga imekazwa kiunoni, mwiko mkononi. Aliweza kupikia watu mia tatu bila kuandika chochote. Chumvi alitia kwa kiganja, akakoroga, akaonja, akafumba macho kidogo, akasema, "Bado," au, "Haya, toeni kuni." Hakuna aliyewahi kumbishia.

Kwenye shughuli zetu mpishi mkuu ndiye anayekula wa kwanza. Anachota kijiko katika kila sufuria, anakula mbele ya akina mama wa pande zote mbili, wanamtazama mpaka ameze, ndipo sahani zinaanza kupita. Tunaita kutoa sumu. Watu hulisema wakicheka, lakini sijaona mtu akila kabla halijafanyika.

Alikuja hospitali Agosti 1991. Mume wake alikuwa ameshafariki, na Leo, mwanawe pekee, alikuwa fundi wa baiskeli huko mjini. Alitembea akisimama kila baada ya hatua chache, mdomo wazi. Nilibonyeza mguu wake juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo lililokaa muda wa Salamu Maria nzima. Mshipa wa shingo ulikuwa umevimba. Nilipomuuliza analalaje alisema halali, anaegemea gunia la mahindi mpaka kunakucha, maana akilala chali anahisi anazama.

Ilikuwa presha ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeipima. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyokaza hufanya kwanza kama mtu mwenye nguvu: unanenepa, unasukuma zaidi. Halafu unachoka, unatanuka, unalegea. Damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo sasa hazijui kwamba mwenye tatizo ni moyo. Zinadhani mwili umekauka, kama wa mtu aliyeharisha siku tatu, basi zinaokoa jahazi: zinashika chumvi, na chumvi inashika maji. Maji yale yanaongeza mzigo kwa moyo uleule uliokwisha choka, yanarudi nyuma, yanajaa kwenye mapafu, yanashuka miguuni. Figo zinafanya kazi yake vizuri kabisa, ila kwa habari isiyo ya kweli. Haya yote nilifundishwa darasani na nilikuwa nayajua. Sikumwambia hata moja.

Dokta Polikarp aliandika vidonge vya kukojoza, vya presha, na chini yake, "Apunguze chumvi." Mimi nikachukua cheti, nikamgeukia yule mama, nikasema:

"Mama, chumvi usiguse."

"Kabisa, nesi?"

"Kabisa. Hata ya kuonja. Ukionja utakufa."

Wodini tulikuwa na desturi yetu. Ukimwambia mgonjwa ameze dawa siku saba, atameza nne. Ukimwambia aache pombe, ataacha ya Jumatatu. Kwa hiyo tulizidisha sharti ili wakikata nusu, nusu inayobaki iwe ndiyo kipimo chenyewe. Tulijiona wajanja sana. Na siku hiyo foleni ilikuwa imefika mpaka nje kwenye ua, nami nilikuwa nimesimama tangu saa moja asubuhi.

Alinitazama kwa macho ya mtu anayekula kiapo. "Sawa, mwanangu," akasema. "Sitaonja."

Na kweli hakuonja. Kila mwezi alikuja kliniki, na kila mwezi alikuwa nafuu. Miguu ilinywea ikabaki ya mtu, pumzi ikarudi, akaanza kulala chali. Nilimtumia kuwasuta wengine. "Mwigeni Mama Leo!" nilisema mbele ya benchi zima, na yeye anainamisha kichwa. Nilidhani ni aibu ya kusifiwa. Alikuwa anapungua mwili, na baada ya mwaka hivi akawa anakuja peke yake, bila yule jirani aliyezoea kumsindikiza. Sikuuliza. Karatasi yake ilikuwa nzuri, nami nilikuwa natibu karatasi.

Niliyoyajua baadaye niliambiwa na Walburga, mwaka 1995.

Walburga alikuwa msaidizi wake wa miaka mingi kwenye mafiga. Alikuja kliniki na presha yake mwenyewe, mbichi bado, moyo haujaguswa. Nikaanza wimbo wangu: chumvi usiguse. Akacheka mpaka akashika meza.

"Nesi, wewe! Na mimi unataka niwe kama yule mchawi wetu?"

"Mchawi gani?"

"Mama Leo. Yule naye alisingizia hospitali. Anapika, haonji! Mtu gani anapikia watu chakula asichokila mwenyewe? Nani amewahi kusikia chumvi inakatazwa?"

Akanieleza moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Shughuli ya kwanza baada ya hospitali, Kasiana alimwita yeye Walburga amwonjee. Watu wakatazamana, wakala. Aliwaambia wazi kwamba amekatazwa, lakini hakuna aliyeelewa. Hawa ni watu waliopanga foleni kwa ajili ya chumvi kule nyuma, walioishi miezi wakila mboga za maji matupu, na sasa ruksa ya biashara imekuja, maduka yamefunguliwa kila kona, chumvi imejaa kwenye mifuko myeupe inayong'aa. Chumvi ndiyo ilikuwa dalili kwamba dhiki imeisha. Halafu mtu aseme hospitali imemkataza! Wengine walimpelekea pakiti za chumvi kama zawadi ya pole. Alizipokea kwa mikono miwili, akazigawa.

Shughuli ya tatu ilikuwa kipaimara. Nyama ilikaa juani, askofu alichelewa, na jioni watu kumi na wanne walishikwa na tumbo. Hakufa mtu. Lakini akina mama walikumbuka wote kwa pamoja kwamba mpishi hakula kijiko hata kimoja. Hakuna aliyemsema usoni. Hawakumwita tena, basi. Mwiko akashika Walburga.

"Na wewe ulikuwa karibu naye," nilimwambia. "Uliamini?"

"Mimi sikuamini," Walburga akajibu, akijifunga khanga vizuri. "Ila na mimi nina watoto."

Dokta Polikarp alikuwa anasikiliza kutoka upande wa pili wa meza. Akamwambia Walburga kwa upole tu kwamba nesi amezidisha kidogo. Apunguze chumvi, magadi aache, na akipika kwenye shughuli anaweza kuonja kama kawaida, kijiko kimoja hakina neno. Walburga akashukuru, akachukua dawa, akaondoka. Nilibaki nimeshika cheti cha mgonjwa mwingine na sioni kilichoandikwa.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nilikwenda kwake. Sikuwahi kufika, ingawa ni mwendo wa nusu saa kutoka kota zetu za hospitali. Nilimkuta kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Ndani niliona masufuria yake makubwa yamepangwa ukutani, yamesuguliwa, yamefunikwa kwa magazeti. Jikoni palikuwa na kisufuria kimoja cha kikombe na nusu.

"Mwaka wa kwanza sikuweza kupika kidogo," aliniambia alipoona natazama. "Mkono ulikataa. Nilikuwa napika ya watu sita, kisha namwaga. Siku hizi nimejifunza." Akanionyesha kwa kidole upande wa bondeni, ambako moshi ulikuwa unapanda. "Wana ubatizo pale kwa Isidori. Maharage yao yanaungua chini. Wameongeza kuni mapema mno."

Aliisikia ile harufu. Mimi sikuisikia.

Leo alikuwa ameuza vifaa vyake vya baiskeli na kwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito, kama vijana wote mwaka ule. Alikuwa ameandika barua mbili. Kasiana alizisema kwa mpangilio, ya kwanza na ya pili, kama mtu anayetaja vipindi vya mwaka.

Nilijikaza nikamwambia. Nilimweleza habari za moyo na figo, mwanzo mpaka mwisho, nilivyopaswa kumweleza miaka minne nyuma. Alisikiliza vizuri na aliuliza maswali ya maana kuliko wanafunzi wetu. Mwisho nikafika kwenye lile lenyewe.

"Mama, dokta alisema upunguze. Mimi ndiye niliyesema usiguse. Kuonja kusingekuwa na shida."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kijiko kimoja?"

"Kimoja cha kila sufuria. Hata ukimeza."

"Na harusi ya Yasinta?"

"Hata ile."

"Na kile kipaimara?"

"Hata kile, mama."

Akaendelea kuzitaja, shughuli ambazo alipika na nyingine ambazo hakuitwa, na kila moja nilijibu hivyohivyo, mpaka nikawa najibu kwa kichwa tu. Hakulia. Ningependa alie, au anitukane. Alirudi kuchambua maharage, akatupa moja bovu uani, kuku wakalikimbilia.

"Jumapili ijayo nitasimama baada ya misa," nilisema. "Nitawaambia wote. Kosa ni langu."

"Usiwaambie."

"Kwa nini?"

"Sasa hivi wananiogopa. Mtu anayeogopwa anasalimiwa. Kwa mbali, lakini anasalimiwa, na watoto wa jirani wakipita hapa wanashusha sauti. Ukiwaambia, watanionea huruma. Watasema, maskini yule, aliambiwa na nesi akaamini. Nimeshajua kukaa na woga wao. Huruma yao sitaijulia pa kuiweka." Akaninyooshea kidole, sauti ikawa ile ya mafiga niliyosimuliwa. "Nimekutii mara moja, Oliva. Na wewe nitii mara moja."

Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya hapo. Nikaahidi.

Nilimpimia chumvi kwenye kijiko cha chai, nikamwambia hiyo anaruhusiwa kwa siku. Alitia punje kidogo kwenye mboga, akaonja, akakunja uso, akasukuma bakuli mbele yangu. "Imekuwa kali," alisema. "Kula wewe."

Tangu siku hiyo nilikwenda kila Jumapili niliyokuwa sina zamu. Tulikula chakula chake kisicho na ladha, tukizungumza kidogo. Mimi pia sikuwa na mtu kota, sikuwahi kuolewa, na nikimwambia mtu kwamba nilikwenda kwa ajili ya Kasiana tu nitakuwa nadanganya. Mara nyingi nilitaka kumwomba aniruhusu niseme. Sikuomba. Kunyamaza kulinifaa mimi kuliko yeye, na nilikuwa najua.

Alifariki Aprili 1996, mvua zikiwa nyingi. Moyo uliokwisha tanuka haurudi ukawa mpya, hata ukiulinda namna gani. Jirani alimkuta asubuhi ameegemea gunia, kama zamani. Barabara ya Tunduru ilikuwa imekatika, Leo hakufika kwenye maziko.

Lizaboni walijaa. Wachawi na watakatifu tunawazika sawasawa, na jumuiya haikosi. Tuliporudi kutoka makaburini Walburga alikuwa amepika. Alichota kijiko katika kila sufuria, yale masufuria ya Kasiana mwenyewe yaliyotolewa ukutani, akala mbele ya wote, akameza. Sahani zikaanza kupita. Mama mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Angalau leo tunakula kwa amani."

Hapo nilivunja ahadi. Nilisimama, nikasema yote kwa sauti kubwa: aliambiwa apunguze, mimi nikamkataza kabisa, alitii miaka minne, hakuficha kitu, hakumtilia mtu kitu, kosa lilikuwa langu na la foleni na la ujanja wetu wa wodini. Nilisema mpaka pumzi ikaniishia. Mvua ilikuwa inagonga bati, lakini walinisikia, maana hakuna aliyekuwa anatafuna.

Walburga aliweka mwiko chini. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani.

"Sasa unatuambia leo ili tufanyeje, nesi?" aliuliza. "Tukamfukue?"

Mtu akanishika bega akanikalisha, mwingine akaniwekea sahani magotini, na nyuma yangu nikasikia vijiko vikianza tena, kimoja kimoja.