Nyasi Nilizozichambua

Kazi ile niliipata kwa sababu ya usafi, na usafi ndio ulioniponza. Hapa Sitalike wanaujua mzigo wangu wa nyasi za kuezekea. Nakata, naukung'uta, napitisha vidole mpaka majani yote makavu yadondoke, yabaki mabua matupu. Kwetu kumpelekea mtu nyasi zenye takataka ni kama kumpakulia wali wenye mawe. Basi watafiti walipomwomba mwenyekiti wa kijiji mama anayejua mundu, akanitaja mimi. Nilijisikia, siwezi kukana.

Mtaalamu wao alikuwa kijana mpole, viatu vya porini, miguu ya ofisini. Alisema ndani ya kompyuta yake ameiweka mbuga yetu ya malisho. Humo mvua inanyesha akibonyeza, nyasi zinaota, zinakufa, zinaoza na kuacha kaboni, yaani ile mboji inayoupa udongo nguvu. Miaka mingi inapita kabla chai haijapoa. Nikamuuliza kama humo mna mchwa. Akasema bado hawajaingizwa. Sikucheka, maana darasa la saba langu halinipi ruhusa ya kucheka nisichokielewa. Nilicheka nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kuweka fremu ya chuma chini, kukata vyote vilivyomo na kuvitia kwenye mfuko wa karatasi. "Kata vyote, mama," aliniambia siku ya kwanza, kisha akaenda kwenye kivuli cha gari na kompyuta yake. Nitende haki: alisema, na nilisikia. Ila kwangu nyasi ni nyasi na takataka ni takataka. Msimu mzima nikakata, nikakung'uta, nikachambua. Akaisifu mifuko yangu, akasema hajaona sampuli safi namna ile.

Mwezi wa saba wakaleta majibu kwenye mkutano wa kijiji. Mtaalamu alituonyesha mstari wa mboji unaoteremka. Kompyuta imesema nyasi zinaota, ila hakuna kinachoanguka kurudi udongoni, kwa hiyo ng'ombe wanaimaliza mbuga, na ushauri ni kuifunga. Mwenyekiti hakuwa ameelewa kunishinda mimi, lakini alifurahi. Yeye hupenda jambo lolote linaloishia na kibao cha kukataza.

Shemeji yangu akasimama. Ni Msukuma, amemwoa dada yangu, ana ng'ombe wachache, na hana malisho mengine. Ng'ambo ya mto ni hifadhi. Ng'ombe akivuka, anakamatwa.

"Sasa ng'ombe wangu wakalishwe kwenye kompyuta?" aliuliza.

Watu wakacheka. Mtaalamu akamjibu kwa adabu kwamba kwenye sampuli majani makavu hayakuonekana kabisa. Lile neno kabisa likanikumbusha vidole vyangu.

Ningeweza kunyamaza. Nilijiambia huenda ng'ombe wanaimaliza kweli. Huenda takataka zangu ni kidogo, hazibadilishi kitu. Tena mimi ni nani wa kusahihisha mashine? Lakini kubwa zaidi, nilikuwa naogopa kuchekwa, na nilipoligundua hilo nikasimama.

"Yalikuwepo," nikasema. "Nilikuwa nayakung'uta."

"Kwenye mifuko mingapi, mama?"

"Yote."

Wanawake ndio walioanza kucheka. Mtaalamu akakaa chini. Baadaye alisema kosa ni lao, walipaswa kuwa karibu nami. Nilikubali nusu, nusu nyingine ni yangu. Akauliza kama tunaweza kukata upya. Shemeji akamweleza kwamba mbuga imeungua wiki iliyopita, kama kila mwaka, ili machipukizi ya ng'ombe yatoke. Mtaalamu akauliza nani kaichoma. Wote tukaangalia paa la ofisi ya kijiji. Akaandika kwenye daftari kwamba hata moto haukuwa umeingizwa.

Ikaamuliwa mbuga ibaki wazi mpaka wapime tena baada ya mvua. Shemeji alinisindikiza.

"Ningekuchinjia kuku, shemeji," akasema, "ila ungemnyonyoa mpaka abaki mifupa."

Hiyo ndiyo asante niliyopata, na nadhani inanitosha.

Mvua zilipokwisha walimchukua mama mwingine, ambaye nyumba yake inavuja kwa vile anaezeka na chochote anachokishika. Niliiona mifuko yake: majani, mavi makavu ya ng'ombe, konokono. Safari hii mtaalamu amechuchumaa pembeni yake, jua linamchoma kisogo, anatikisa kichwa kwa furaha. Sina kinyongo. Labda kidogo.

Majibu bado. Ikiwa mifuko ile itasema ng'ombe wanaimaliza mbuga kweli, nitakuwa nimempatia shemeji msimu mmoja tu, na sitasimama tena. Nilimwambia hivyo. Akasema msimu mmoja si haba. Ng'ombe wake wawili wamezaa.