Mabomba Yaliyoliwa na Maganda ya Ndizi

Hasira ilinipanda kabla sijashuka kwenye bodaboda. Kando ya tanuri la kahawa, pale nyumbani Muleba, maganda ya ndizi yalikuwa yameanikwa kwenye bati, na mengine yaliyokwisha kukauka yamerundikwa kwenye mlango wa moto pamoja na kuni. Nilikuwa likizo. Nilikuwa nimepanga kukaa wiki nzima nikila na kulala, nisiguse kitu chochote chenye kutu.

Tanuri lile ni la kikundi cha wakulima, na mwenyekiti wake ni kaka yangu. Moto unapita ndani ya mabomba, feni inapuliza hewa safi juu yake, hewa ikishapata joto inapanda kwenye chumba ambamo kahawa imetandazwa juu ya wavu. Moshi una njia yake, unatokea kwenye dohani nje. Kati ya moshi na mtu anayegeuza kahawa kuna unene wa bomba tu.

Mabomba hayo niliyatafuta mimi. Nafanya kazi Dar es Salaam, kwenye kituo cha umeme wa gesi, na kazi yangu ni kukagua mapanga ya tabaini, yale yanayozungushwa na gesi yenye moto mkali usiku na mchana. Watu hudhani chuma bora ni kile kisichoshika kutu. Si kweli. Kwenye moto kila chuma kinashika kutu, ila aloi nzuri, chuma kilichochanganywa na metali nyingine, hujivika kutu nyembamba iliyobana kama ganda la yai, na ganda hilo linazuia hewa isiendelee kula ndani. Liache kwa amani, chuma kitadumu miaka mingi. Lipake chumvi ikayeyuke juu yake kwenye moto, ganda linayeyuka nayo, na chuma kinaliwa huku kimesimama pale pale. Nimeyaona mapanga ya bei mbaya yakiharibika hivyo kwa chumvi ya upepo wa bahari na salfa ya mafuta machafu. Kwa hiyo siku tunayafunga mabomba yale niliwaambia wote, kwa Kiswahili na kwa Kihaya: kuni kavu za mikaratusi, basi.

"Nani kawaambia mchome maganda?" nilimuuliza kaka.

"Karibu, injinia," alisema, akiwageukia wenzake wawili wa kamati ili wacheke naye. "Huko Dar hawasalimiani siku hizi?"

Nikamsalimia. Kisha akanieleza kwa maringo. Wapika rubisi, pombe ya ndizi, wa barabarani wana milima ya maganda, na tangu mnyauko wa migomba uingie hakuna anayethubutu kutandaza maganda ya watu kwenye kibanja cha migomba yake. Kamati ikaona iyakaushe na kuyachoma. Ugonjwa unakufa, kuni zinabaki. Bwana shamba angewapigia makofi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba nusu ya jambo ilikuwa akili kabisa. Lakini katika nyumba ile ile, utotoni, tulimwona bibi akichuja majivu ya maganda ya ndizi kupata magadi ya kulainishia maharage. Kila mtu pale alijua majivu hayo ni chumvi. Walijua kwenye chungu, wakasahau kwenye tanuri.

Ndipo mlango wa chumba cha kahawa ukafunguka, akatoka wifi yangu, mke wa kaka, ameshika fremu kwa mkono mmoja na reki ya mbao kwa mwingine. Kichwa alikuwa amekikaza kwa kanga.

"Karibu, wifi. Usinione hivi, ni malaria. Nimemeza dawa mara mbili, hainiachi."

"Inakubana saa ngapi?"

"Nikishaanza kugeuza kahawa. Kichwa, kichefuchefu, miguu inalegea. Jumapili tukienda kanisani napata nafuu."

Malaria gani inayoheshimu Jumapili? Watu wazima watatu walikuwa wamesimama pale, wamemsikia akisema hivyo wiki nzima, na hakuna aliyejiuliza. Nilitamani kumtukana kila mmoja wao kwa zamu.

Niliacha mlango wazi, nikafunua bati la pembeni na kumulika kwa simu. Mabomba ya chini, yaliyo karibu na moto, yalikuwa yamevimba na kufanya magamba meusi yenye ukijani. Niligusa gamba moja kwa bisibisi, likadondoka pamoja na chuma chenyewe. Halafu nikaona udongo wa kichuguu. Ulikuwa umepakwa vizuri, umelainishwa kwa kidole, juu ya tundu, na juu ya tundu jingine, na jingine. Basi kaka alikuwa anajua. Alijua mabomba yametoboka, akayaziba kwa udongo ambao joto linaupasua, akafunga mlango ili hewa ya moto isipotee, akamrudisha mke wake ndani.

"Zima moto," nilimwambia.

"Kahawa imefika nusu. Kwa mvua hizi, nikizima itavunda yote, ya watu wote. Nipe mpaka kesho kutwa."

"Mkeo anavuta moshi."

"Moshi uko wapi? Unanusa moshi wewe?"

"Unaoua hauna harufu!"

"Mama amepikia kuni maisha yake yote," akasema, "na yule pale, mzima."

Nilichukua koleo, nikazivuta kuni zote nje, zikafia kwenye matope. Nikaiacha feni ipoze mabomba, nikampakia wifi kwenye bodaboda ile ile iliyonileta, nikapanda nyuma yake kumshika. Kituo cha afya walimwekea oksijeni. Alasiri kichwa kilikuwa kimemwachia, na mganga akamwambia asikanyage tena chumba kile.

Tuliporudi tulimkuta kaka na fundi wa kuchomelea wamekwisha kuyatoa mabomba na kuyapanga uani. Alikuwa mchangamfu. Alisema bomba la juu ni zima, na mengine mawili yanalehemeka, kesho asubuhi wanawasha.

"Na nani atageuza?" nikauliza.

Akamtazama mkewe. "Si ameshapata hewa?"

Nyundo kubwa ya fundi ilikuwa chini, karibu na mguu wangu. Nikaiokota. Mabomba ya chini yalipasuka kwa pigo moja moja, vipande vikaruka mpaka kwa kuku. Yale ya kulehemu nayo yakavunjika, maana ndani yalikuwa yamekwisha. Fundi akarudi nyuma. Nikafika kwenye lile la juu, nikalipiga, likalia kama kengele na kuviringika pembeni bila hata alama.

"Hilo ni zima!" kaka alipiga kelele. "Hilo ni zima, wewe!"

"Najua. Likibaki, mtawasha tena."

Wifi aliivua kanga kichwani, akaikunja, akachuchumaa na kulikamata bomba kwa mikono yote miwili lisiviringike tena.

"Piga," akasema.